Tangi la Samaki Linapovuja: Lini Litengenezwe na Lini Libadilishwe

Matangi mengi ya samaki ambayo wenyewe husema yanavuja huwa hayavuji kwenye kioo wala kwenye silikoni. Maji hutoka kwenye mpira wa hewa, kwenye chujio au kwenye ukingo wa kifuniko, ama hupotea hewani tu katika miezi ya kaskazi. Mwenye tangi hukimbilia duka la vifaa vya ujenzi, akanunua silikoni, akaipaka juu ya mshono uliokuwa mzima, na baada ya siku chache sakafu ikalowa tena. Kwa sababu hiyo, swali la kutengeneza au kununua jipya halina jibu kabla ya kujulikana maji yanatoka wapi hasa. Mwongozo huu umefuata dalili ambazo wafugaji wa samaki wa majumbani huzieleza mara kwa mara, kuanzia zile zisizo na hatari mpaka zile zinazolazimu tangi litolewe maji saa hiyo hiyo.

Kwa upande wa kioo, uamuzi hautofautiani kati ya Malindi na Lamu, miji miwili ya pwani ya Kenya. Unaotofautiana ni usumbufu na gharama. Mkazi wa Malindi anaweza kukatiwa kioo mjini, au kuagiza tangi kutoka Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi kwa barabara. Mkazi wa Lamu huletewa tangi hilo hilo kwa gari mpaka Mokowe, upande wa bara, likavushwa kwa mashua mpaka gati la mjini, kisha likasukumwa kwa mkokoteni au kubebwa mikononi katika vichochoro, na kila linaposhushwa na kupakiwa upya mishono yake hutikiswa. Kwa hiyo tangi ambalo Malindi lingefaa kubadilishwa, Lamu huenda likafaa kutengenezwa, ilimradi kasoro yake si miongoni mwa zile ambazo nitazitaja hapa chini kuwa haziruhusu majaribio.

Kabla ya kuchunguza chochote

Ikiwa maji yamefika kwenye soketi, plagi au ekstensheni, usiguse chochote kilichochomekwa. Zima swichi kuu ya nyumba ukiwa umesimama mahali pakavu, na kama swichi kuu yenyewe imezungukwa na maji, toka hapo umwite fundi wa umeme mwenye leseni. Tahadhari hii huwa kubwa zaidi kwa tangi la maji ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Hata pasipo na maji kwenye soketi, zima pampu, taa na hita kabla ya kutia mkono ndani ya tangi.

Jambo la pili ni uzito. Zidisha urefu, upana na kimo cha tangi kwa sentimita, kisha ugawe kwa 1,000, nawe utapata lita. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45 huchukua lita 182, na ukiongeza vioo, mchanga na mawe huvuka kilo 200. Tangi la namna hiyo halisogezwi likiwa na maji, hata maji ya robo. Kulinyanyua upande mmoja ili kuchungulia chini yake hupinda mishono, na tangi lililokuwa linadondosha tone moja moja linaweza kuachia kabisa mikononi mwa anayelinyanyua.

Mishono miwili ambayo lazima itofautishwe

Tangi la vioo hushikamanishwa na silikoni ya aina mbili kwa kazi zake. Ya kwanza imo baina ya kioo na kioo, mahali ukingo wa kimoja unapokutana na uso wa kingine. Hiyo ndiyo inayobeba msukumo wote wa maji, na hapa nitaiita mshono wa kubeba. Ya pili ni utepe uliopakwa kwa ndani, kwenye pembe zote, ambao kazi yake ni kuukinga mshono wa kubeba usikutane na maji na usikwanguliwe. Utepe wa ndani unaweza kubanduliwa wote na kupakwa upya na mtu makini asiye fundi. Mshono wa kubeba ukiharibika, tangi zima linapaswa kufunguliwa kioo kwa kioo na kujengwa tena. Karibu kila uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha hutegemea kujua ni upi kati ya hiyo miwili uliokufa.

Dalili: chini ya tangi pamelowa, lakini maji ndani hayapungui

Sababu ya kawaida kuliko zote ni mapovu. Jiwe la mapovu, yaani kijiwe chenye vitundu kilicho kwenye ncha ya mpira wa hewa, likiwa karibu na uso wa maji hurusha matone madogo ambayo hupita kwenye nafasi ya kifuniko, yakateremka kwa nje ya kioo na kukusanyika kwenye ukingo wa chini, mahali hasa ambapo mtu angetarajia kuona mshono unaovuja. Sababu ya pili ni kifuniko chenyewe: mvuke hujikusanya upande wake wa chini, na kama kifuniko kimechomoza nje ya kioo, maji hudondokea nje. Ya tatu huonekana wakati wa joto kali, pale wenye matangi wanapotia chupa za barafu ili kupoza maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kioo kikipoa hutoa jasho kwa nje.

Futa nje ya tangi lote mpaka likauke, zima pampu ya hewa, ondoa kifuniko, na utandaze karatasi za gazeti kuzunguka sehemu yote ya chini. Baada ya saa kadhaa gazeti likiwa kavu, chanzo ni mapovu au kifuniko, na tiba ni kuliteremsha jiwe la mapovu, kupunguza hewa na kukirudisha kifuniko ndani ya ukingo. Gazeti likilowa, angalia lilianzia kulowa wapi, kisha upitishe kipande cha karatasi ya shashi polepole juu ya kila mpira, kila kiungo cha chujio na kila pembe ya kioo, ukianzia juu kwenda chini. Maji hutembea: yanaweza kutoka kwenye pembe ya nyuma kushoto na kuonekana mbele kulia, kwa kuwa hufuata mwinamo wa meza.

Kwa wenye matangi ya maji ya bahari, fuwele nyeupe kwenye ukingo wa juu hutokana kwa kawaida na matone ya mapovu yaliyokauka. Zifute kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha ungoje siku mbili au tatu. Zikirudi juu ya usawa wa maji, hakuna mvujo. Zikirudi chini ya usawa wa maji, kwenye mshono, hapo pana mvujo wa kweli.

Dalili: maji yanapungua, lakini hakuna palipolowa

Hii huitia watu hofu zaidi kati ya Desemba na Machi, kaskazi inapovuma na madirisha kuachwa wazi. Katika tangi la sentimita 90 kwa 45, sentimita moja tu ya maji iliyopotea ni takriban lita 4, na mtu akizirudisha lita hizo kwa ndoo mara kadhaa kwa juma huamini kwamba lazima pana tundu.

Kipimo chake ni rahisi. Jaza beseni pana maji, uliweke kando ya tangi katika upepo ule ule, uchore alama ya usawa wa maji kwenye beseni na kwenye tangi, kisha uzime pampu na feni ya tangi kwa muda ambao samaki wanaweza kuuvumilia, au uchague siku ambayo tangi halina samaki wengi. Vyombo vyote viwili vikipungua kwa kiasi kinachokaribiana, maji yanakwenda hewani, na hakuna cha kutengeneza isipokuwa kifuniko. Tangi likipungua kwa wazi kuliko beseni, endelea na uchunguzi. Kwa maji ya bahari, kumbuka kwamba kinachoondoka ni maji na chumvi hubaki. Kinachorudishwa ni maji baridi, la sivyo chumvi itaongezeka siku hadi siku.

Iwapo maji hupungua mpaka kimo fulani kisha hukoma, umekwisha kusaidiwa. Tundu liko kwenye usawa huo, na pembe zilizo chini yake ni nzima.

Dalili: sakafu hulowa baada ya umeme kukatika

Pampu ya hewa iliyowekwa chini ya usawa wa maji ikizimika, maji hurudi nyuma kwenye mpira mwembamba wa hewa na kumwagikia kwenye pampu na mezani, na yataendelea kumwagika mpaka jiwe la mapovu libaki nje ya maji. Dawa yake ni vali ndogo ya kuzuia maji kurudi nyuma, ambayo huunganishwa kwenye mpira wa hewa, au kuipandisha pampu juu ya usawa wa maji. Vali hiyo huziba na kuchoka, kwa hiyo ipulize kwa mdomo kila baada ya miezi michache: hewa ipite upande mmoja tu.

Chujio la nje nalo huleta dalili hii. Pete ya mpira iliyo kwenye kifuniko chake hukauka, na shinikizo linapobadilika kwa umeme kuzimika na kurudi, maji hupenya. Ifungue, ioshe, iangalie kama imepasuka au imebapa, na uipake mafuta ya silikoni kidogo. Hakuna sababu ya kugusa tangi lenyewe kabla ya hayo.

Dalili: pembe moja ina unyevu wa kudumu, au mstari mweupe unaoteremka

Maji ya visima vya pwani, ambavyo vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, yana chokaa nyingi, na yanapokauka huacha alama nyeupe. Alama hiyo ni shahidi mzuri: sehemu ya juu kabisa ya mstari mweupe kwa nje ndiyo iliyo karibu na tundu. Mara nyingine chokaa hiyo hiyo huliziba tundu kwa muda, na mwenye tangi akadhani limepona, mpaka siku atakapolisafisha kwa siki.

Sababu iliyozoeleka zaidi ni utepe wa ndani uliokwanguliwa kwa wembe au kifaa cha kuondolea mwani. Utaona ncha ya utepe imenyanyuka, au mwani wa kijani umeingia chini yake. Inayofuata ni uzee. Silikoni nzuri hudumu miaka 10 na zaidi, lakini tangi lililokaa kavu kwenye jua au stoo kwa muda mrefu hupoteza mnyumbuko wake mapema. Sababu ya tatu ni meza isiyo sawa, ambayo hulivuta tangi upande mmoja. Ya mwisho ni ujenzi duni: silikoni iliyopakwa kwenye kioo chenye vumbi au alama za vidole.

Weka pima maji (kifaa cha fundi cha kupimia usawa) juu ya kingo za tangi, kwa urefu na kwa upana. Likiwa limeinama, kosa la meza lirekebishwe kwanza, tangi likiwa tupu, kwa sababu utepe mpya kwenye tangi lililopinda hautadumu. Kisha kagua mshono wa kubeba kwa kuutazama kupitia ukingo wa kioo, ukitumia tochi. Ukiwa wa rangi moja, bila mapovu mapya wala utando wa maji, tangi linafaa kutengenezwa, na nadhani hapa ndipo watu wengi hukata tamaa mapema.

Kazi hiyo inataka subira kuliko ustadi. Hamisha samaki kwenye ndoo au pipa la plastiki ambalo halijawahi kutiwa sabuni wala dawa, ukitumia maji yale yale ya tangi, na uwawekee hewa. Sponji na mawe ya chujio yabaki ndani ya maji ya tangi, yasikauke na yasioshwe kwa maji ya mfereji yenye klorini, kwa kuwa bakteria wanaosafisha maji wamo humo.

Tangi likiwa tupu na kavu, bandua utepe wa ndani wote kwa wembe mpya, pembe zote, wala si ile inayovuja peke yake. Silikoni mpya haishiki vyema juu ya silikoni ya zamani, na kiraka kilichopakwa juu ya utepe uliopo ndicho chanzo cha matengenezo mengi kushindwa. Wembe usiingizwe baina ya vioo viwili. Ukiukata mshono wa kubeba, umeligeuza tatizo dogo kuwa kubwa. Mabaki yafutwe kwa asetoni au spiriti ya methili kwenye kitambaa safi, madirisha yakiwa wazi na jiko likiwa limezimwa, kwa kuwa vyote viwili hushika moto upesi. Baada ya hapo usiguse kioo kwa vidole.

Silikoni yenyewe iwe safi asilimia 100, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Silikoni za bafuni na jikoni mara nyingi zina dawa hiyo, nayo huua samaki. Ile inayofaa kwa kawaida hunukia siki inapokauka, ila harufu peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa hiyo tafuta kwenye mrija maelezo yanayosema waziwazi kwamba inafaa kwa matangi ya samaki, na usipoyapata uiache dukani. Kwa tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, pembe za ndani zina jumla ya mita 4.5, na mrija mmoja wa mililita 280 unatosha utepe wa upana wa sentimita moja.

Bandika selotepu ya karatasi kandokando ya kila pembe, paka pembe za wima na za chini kwa mfululizo mmoja bila kupumzika, lainisha kwa kidole kilichovikwa glavu, na ubandue selotepu mara moja. Silikoni ya namna hii hukauka kwa kutumia unyevu wa hewa, na katika hewa ya Lamu na Malindi ngozi ya juu hushika haraka, kwa hiyo ni vyema mtu mmoja apake na mwenzake alainishe nyuma yake. Ngozi ya juu isikudanganye: ndani silikoni hukauka milimita 2 hadi 3 tu kwa saa 24. Ngoja siku saba, mpaka harufu ya siki iishe kabisa.

Jaribu tangi mahali ambapo likimwagika halitadhuru, juu ya sehemu tambarare na gazeti kavu chini yake. Jaza robo, ngoja siku moja. Jaza nusu, ngoja siku moja. Kisha jaza lote na ulitazame siku mbili au zaidi kabla ya kumwaga maji hayo na kulirudisha mahali pake.

Dalili: mapovu, utando au weupe baina ya vioo

Mapovu machache yaliyokuwapo tangu tangi lilipojengwa, ambayo hayakui, si lazima yawe hatari. Yapige picha na ulinganishe baada ya mwezi. Ila yakianza kuungana na kuwa njia kutoka ndani kwenda nje, au mshono ukionekana kama umetengana na kioo na kung'aa kwa maji, mshono wa kubeba umekufa. Utepe mpya wa ndani utauficha tu ugonjwa huo.

Punguza maji siku hiyo hiyo, angalau mpaka chini ya sehemu hiyo. Tangi dogo la lita 60 hivi linaweza kufunguliwa na kujengwa upya na fundi wa vioo anayejua kazi ya matangi. Fundi wa madirisha ya alumini, hata awe hodari, si lazima awe amewahi kujenga chombo kinachobeba maji, na ni haki yako kumwuliza na kuonyeshwa kazi yake. Kwa tangi kubwa, gharama ya silikoni, usafiri na saa za fundi hukaribia mno ya tangi jipya, na mimi ningenunua jipya.

Dalili: ufa kwenye kioo

Ufa haupaswi kutazamwa ili kuona kama utakua. Toa maji mpaka usawa ulio chini yake, na kama uko chini, toa yote. Usiushike kwa kucha wala kuubonyeza ili kupima.

Sababu za kawaida ni jiwe la matumbawe lililoanguka, punje ya mchanga iliyobaki baina ya tangi na meza, meza isiyo tambarare, na hita iliyoachwa ikiwaka maji yalipopunguzwa. Hita, kwa kweli, hazihitajiki sana katika nyumba za huku, na kuiondoa kabisa huondoa hatari hiyo. Tangi lisilo na fremu ya plastiki chini huwekewa shiti ya foamu ili punje ndogo zisikipige kioo. Lile lenye fremu inayokinyanyua kioo cha chini halipaswi kuwekewa, kwani foamu itakisukuma kioo hicho kwa juu.

Kubandika kipande cha kioo juu ya ufa kwa silikoni ni njia ya kuokoa samaki usiku mmoja, wala si matengenezo. Kioo cha ubavuni kinaweza kubadilishwa na fundi iwapo vingine vitatu ni vizima. Kioo cha chini kilichopasuka, kwa tangi la zaidi ya lita 100, kinatosha kuwa sababu ya kulibadilisha tangi. Kikiwa kioo kigumu kilichochomwa kiwandani hakiwezi kukatwa wala kutobolewa, na kikivunjika hutawanyika chote kwa mara moja.

Dalili: kioo cha mbele kimebenuka, au kipande cha kukazia juu kimebanduka

Kinachoamua msukumo kwenye kioo ni kimo cha maji na urefu wa kioo, wala si wingi wa lita. Maji ya kimo cha sentimita 45 hukisukuma kioo cha urefu wa sentimita 90 kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 90. Ukikizidisha kimo mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Vipande vya kioo vinavyokatiza juu ya tangi huzuia vioo virefu visifunguke kwa katikati. Kimoja kikibanduka, toa maji mpaka nusu bila kungoja, kisha umwite fundi. Usijaribu kuvirudisha vioo kwa kamba au kwa jeki ya seremala huku tangi limejaa.

Kama kipande hicho kilibanduka tu na vioo vyenyewe vina unene wa kutosha, kubandikwa upya tangi likiwa tupu ni kazi ndogo. Lakini tangi la kimo cha sentimita 60 na urefu wa zaidi ya mita moja lililojengwa kwa kioo cha milimita 6 lilikosewa tangu mwanzo, na hakuna silikoni itakayolirekebisha.

Dalili: tangi ni zima, lakini meza au sakafu imebadilika

Mbao za vumbi la mbao lililogandishwa (chipboard) hufura zikilowa, mchwa hula miguu ya mbao kwa ndani huku rangi ikibaki nzuri, na chuma hushika kutu upesi katika hewa ya bahari, hasa kwenye sehemu zilizochomelewa. Gonga miguu, chomeka bisibisi kwenye sehemu laini, na ukipata udhaifu toa maji kwanza.

Nyumba za kale za Mji wa Lamu zinahitaji neno la peke yake. Sakafu za ghorofani zimejengwa juu ya boriti za mikoko, zikapangwa mawe ya matumbawe na kumiminiwa chokaa, na zenyewe ni nzito tayari. Boriti hulala kwa upana wa chumba, ambacho kwa kawaida ni chembamba na kirefu, kwa hiyo tangi likiwekwa sambamba na ukuta mrefu huegemea ncha za boriti nyingi karibu na ukuta unaozibeba, na likiwekwa katikati ya chumba hulemea boriti chache mahali zilipo dhaifu zaidi. Maji yanayopenya kwenye chokaa kwa miezi hulowesha boriti bila mtu kuona. Ukiona doa kwenye dari la chumba cha chini, chokaa inayodondoka, au boriti iliyopinda, toa maji yote, usirudishe tangi hapo, na umwite fundi aliyezoea nyumba za mawe aipime sakafu. Katika hali hiyo bei ya tangi ni jambo dogo.

Dalili: lilitengenezwa, likavuja tena

Kwa mpangilio wa uwezekano: kiraka kilipakwa juu ya silikoni ya zamani, kioo hakikufutwa vizuri, maji yalitiwa kabla silikoni haijakauka ndani, meza haikusawazishwa, au tangu mwanzo kilichokufa kilikuwa mshono wa kubeba. Sababu nne za kwanza zinaruhusu jaribio la pili, kwa kubandua kila kitu na kuanza upya. Baada ya jaribio la pili lililofanywa kwa utaratibu kushindwa, sioni haki ya kuwaweka samaki na nyumba katika hatari ya jaribio la tatu.

Kupiga hesabu ya mwisho

Tangi la kutengenezwa ni lile ambalo vioo vyake vyote ni vizima, mshono wa kubeba ni safi, na kasoro iko kwenye utepe wa ndani au vifaa vya nje. Tangi la kubadilishwa ni lenye ufa chini, lenye mishono ya kubeba iliyoachia zaidi ya mahali pamoja, au lenye kioo chembamba kuliko kimo chake. Baina ya hayo mawili kuna matangi ambayo hesabu ya fedha itaamua, na hesabu hiyo ifanywe kikamilifu: kwa upande mmoja bei ya kioo kwa kipimo chako, silikoni, ujira wa fundi na siku ambazo samaki watakaa katika pipa, kwa upande wa pili bei ya tangi, usafiri, na kwa Lamu gharama ya mashua na wabebaji pamoja na uwezekano wa kuvunjika njiani. Mkazi wa Lamu anayeagiza jipya afikirie kuletewa vioo vilivyokwisha kukatwa na kusuguliwa kingo, vikifungwa kimoja kimoja, ili tangi lijengwe nyumbani. Vioo vilivyolala bapa husafiri salama kuliko sanduku tupu.

Mtu anayetaka kuuza tangi lake la zamani amweleze mnunuzi kasoro yake. Likiwa halifai maji, vioo vizima bado vinaweza kukatwa kuwa rafu, na vilivyopasuka vifungwe kwa gazeti na selotepu kabla ya kutolewa nje.

Samaki wasio na tangi la kurudi wapewe mfugaji mwingine. Wasitupwe katika Mto Sabaki, wala katika visima na mabirika ya maji, wala baharini, hasa katika Hifadhi ya Bahari ya Malindi iliyotengwa mwaka 1968, kwa kuwa samaki wa mapambo waliotoka mbali huweza kuzaana, kuwashindania chakula samaki wa asili na kuwaambukiza magonjwa. Mfugaji atakayewapokea apewe pia sponji la chujio likiwa bado limelowa.